Waliohamishiwa Ndani ya Kaseti

Hapo sasa hivi, si zamani wala si za kale, ipo nchi iitwayo Shwari. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani za huko huchorwa na Wizara, na Wizara ikichukia mahali, hupapaka rangi ya kijani na kuandika juu yake "nyasi". Ni nchi ya amani, jamani, mimi nisiwadanganye. Amani yenyewe ni ya lazima, na asiyekuwa nayo huitwa kituoni akaelekezwa jinsi ya kuipata.

Katika nchi hiyo aliishi mwalimu wa jiografia, Hamduni Kitojo, mtu wa makamo, mpole, mwenye kitambi cha chipsi na macho mekundu ya kukodolea kioo cha kompyuta. Mchana aliwafundisha watoto kuwa Shwari ina milima, mito na nyasi. Akirudi nyumbani alikuwa na starehe yake, gemu za kale, zile za kaseti, zilizochezwa na watu ambao leo wana vipara. Wala hakuzicheza tu. Alizipasua matumbo, akatoa kilichomo, akatia chake. Wenzake shuleni walimwona hana kazi, na mke wake aliondoka na mtu anayefuga kuku wa mayai.

Sasa, Hamduni alizaliwa Mtaa wa Pakacha. Mtaa huo ulikuwapo, na ushahidi wa kuwapo kwake ni kwamba serikali ilitumia matingatinga kuuondoa. Yalikuja alfajiri, watu wako chooni, wengine wanabandika chai. Aliyekaa juu ya tingatinga la kwanza alikuwa Mkurugenzi wa Usafi wa Ardhi, Bwana Fundikira Mabruki, akiwa amevaa kofia ngumu na miwani ya jua kabla jua halijatoka. Pale Pakacha sasa pana Uwanja wa Shukrani, ambapo wananchi hukusanywa kuishukuru serikali. Wakiuliza wanashukuru nini, huambiwa uwanja.

Wapakacha walidai viwanja vya kujenga upya. Sheria ya Shwari haina ubaya nao, tena ni sheria ya huruma sana. Inasema wazi kwamba mwananchi aliyebomolewa nyumba na mtu atapewa kiwanja. Tatizo ni hilo neno "mtu". Serikali si mtu, tingatinga si mtu, na Bwana Mabruki siku ile hakuwa mtu, alikuwa ofisi. Kwa hiyo kila walipokwenda Ardhi waliulizwa: "Mtu gani aliwabomolea?" Wakikosa jina, wanaonyeshwa ramani yenye nyasi na mlango wa kutokea.

Hamduni akaamua kuujenga mtaa ndani ya kaseti.

Alikuwa na gemu moja ya kizamani ya mpeleka maziwa. Kijana yuko juu ya baiskeli, anapita mitaa ya Ulaya yenye theluji juu ya mapaa, anaweka chupa milangoni. Hamduni akaanza kwa kufagia theluji. Akaondoa mabomba ya moshi, akaweka mabati yenye kutu, akachora mfereji wa maji machafu uliopita katikati ya mtaa, na kila baiskeli ikitumbukia mferejini mchezaji anapoteza maziwa yote, kama ilivyokuwa kweli. Kilichomkwamisha ni kumbukumbu. Mtu mmoja hawezi kukumbuka mtaa mzima.

Ndipo akapiga hodi kwenye Vibaraza.

Vibaraza ni mtandao, lakini si ile mitandao mikubwa yenye tajiri mmoja anayeuza picha zenu. Hapa kila kibaraza kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayelipia umeme, anayefagia na anayewatimua walevi. Ukiketi kwenye kibaraza cha huyu unasalimiana na walio kwenye kibaraza cha yule, na ukichoshwa na mtu unafunga mlango wa upande wake. Makao makuu hakuna, wala mkurugenzi. Kibaraza alichoketi Hamduni kilikuwa cha Ngwali, muuza vipuri vya pikipiki, na mtambo wake ulikaa juu ya friji dukani, ukizimika kila friji lilipounguruma. Hapo Wapakacha waliotawanyika nchi nzima wakaanza kukusanyika, mmoja mmoja.

Mazungumzo yao ya kila siku hayakuwa na siasa hata chembe. Ilikuwa bati, mlango, mbuzi wa nani alilala wapi.

"Hamduni mwanangu," aliandika Bi. Msimu Kandoro, mjane, aliyekuwa mpokea simu wa shirika la reli na vidole vyake bado vyepesi, "paa langu umelikosea. Lilikuwa na bati moja jipya katikati, alilipachika marehemu mwezi aliokufa. Mbona silioni?"

"Mama, rangi zimeniishia. Kaseti hizi zinachukua rangi chache tu, na ile ya kung'aa nimeitumia kwenye sufuria ya mama ntilie."

"Mnyang'anye. Alikuwa anatulisha maharage mabichi."

"Nilijua tu atasema hivyo," akaingia mama ntilie kutoka kibaraza cha mkoa mwingine. "Kumbe ndiye aliyekuwa anarudisha sahani imerambwa kwa ulimi."

"Jamani," akaandika Ngwali, "kibaraza changu hakitaki ugomvi wa bati. Atakayeendelea namtoa nje."

Sufuria ikafifia, bati likang'aa. Nafasi ilipokuwa ndogo zaidi, ikabidi msikiti na kanisa vitumie jengo moja. Hamduni aliuliza kwa woga, na shehe na katekista, kila mmoja kwenye kibaraza chake, wakajibu kuwa hawana neno, mradi viatu viachwe nje. Katika Shwari yote hapakuwa na kikao kilichowahi kufikia mwafaka haraka namna ile, na hakikulipiwa posho.

Bi. Msimu alikuwa na haraka kuliko wote. Tangu siku ya matingatinga alikuwa anakaa kwa mkwewe, mume wa binti yake, kwenye chumba cha stoo, pamoja na magunia ya mkaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alishapewa, likaisha makali, na bado yupo. Kwa mkwe hata kukohoa unaomba ruhusa. Mama yule alikuwa akitaka kiwanja, hata kama ni cha mawe, ajenge chumba kimoja ambacho akiamka usiku kwenda haja hatapita mbele ya mlango wa mkwe. Alimwambia Hamduni waziwazi: "Wakiuona mtaa wetu kwenye hiyo kaseti yako, nyumba kwa nyumba, watasemaje tena kuwa palikuwa nyasi?"

Hilo ndilo lilikuwa tumaini lao wote.

Wakazoea desturi moja. Nyumba ikikamilika, mwenyewe aliandika "Hodi". Vibaraza vyote vikajibu "Karibu". Naye akaandika: "Nimeingia nyumbani kwangu, nimeridhika." Lilikuwa jambo la kitoto, lakini hakuna aliyecheka. Bi. Msimu alipoandika lake alikaa kimya kutwa nzima, na alipoulizwa vipi mama, alisema macho yanamuwasha, ni mkaa.

Habari zikafika Wizarani. Wizara ya Utulivu ilikuwa chini ya Mheshimiwa Waziri Fundikira Mabruki, yule yule wa tingatinga, maana katika Shwari kazi nzuri haisahauliwi. Waziri akaagiza mwenyekiti wa Vibaraza aletwe. Akaambiwa hayupo. Akaagiza basi aletwe makamu. Akaelezwa kwamba ule mtandao hauna kichwa, na kwa nusu saa akakaa ameshika shavu, kwa sababu maisha yake yote alikuwa hajapata kusikia kitu kinachotembea bila mwenyekiti. Hatimaye akapelekwa afisa wa usalama, akajiandikisha kwa jina la Raia Wa Kawaida.

"Habari zenu, raia wenzangu wa kawaida," akaandika. "Mimi ni mpenzi wa kaseti tangu utotoni. Je, kiongozi wenu ni nani na anaishi wapi?"

"Karibu, Raia," Ngwali akamjibu. "Kiongozi hatuna. Viatu acha nje."

Raia Wa Kawaida akakaa miezi, akisoma mambo ya bati na mbuzi. Naam, kazi aliifanya. Kila mtu alipoandika ameingia nyumbani kwake na ameridhika, aliyanakili maneno hayo na kuyapeleka Wizarani. Ati huko walimwuliza mara mbili kama ana hakika ni "nimeridhika", na aliposema ana hakika, Waziri alisimama akamkumbatia.

Wiki hiyo hiyo Waziri akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu ni sikivu. Ilisikia, ikatafakari, ikasikia tena. Wale wanaodai kwamba walikaa pale ambapo hapakuwahi kukaliwa, leo tumewamaliza. Namaanisha tumemaliza tatizo lao. Wote wamehamishiwa kwenye makazi ya kisasa ndani ya kaseti. Makazi hayo hayana malaria, hayana mafuriko, na ni ya kwanza barani kutohitaji vyoo. Msikiti upo, kanisa lipo, tena vimebanwa pamoja kudumisha umoja wa kitaifa. Nao wenyewe, bila kulazimishwa na mtu, wamekiri kwa maandishi: nimeingia nyumbani kwangu, nimeridhika. Nawaombeni, tumpigie makofi mtaalamu wetu mzalendo, Mwalimu Hamduni Kitojo."

Hamduni alikuwa anasahihisha madaftari. Kalamu ikamtoka mkononi.

Bi. Msimu alikwenda Ardhi kesho yake, akakuta karani kijana, mwenye adabu zake. "Shikamoo mama. Lakini wewe unatafuta nini tena huku? Nyumba unayo. Nimeiona kwa macho yangu, ina hadi bati jipya. Hebu tuwaachie nafasi wasiojaliwa." Aliporudi kwa mkwe akamkuta mkwe amesimama mlangoni, redio mkononi, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Hongera mama," mkwe akasema. "Sasa, unahama lini?"

Kwenye Vibaraza kukachafuka. Watu waliokuwa wanamwita Hamduni mwanangu na kaka wakamwita kibaraka, na wengine wakaufunga mlango wa upande wake bila hata kwaheri. Hakukuwa na ofisi ya kwenda kulalamikia, kwa sababu kila mwenye kibaraza ni mfalme wa kibaraza chake. Hamduni aliandika "niaminini" mpaka neno likamchosha mwenyewe. Alilia, na haya hakuona. Alichokijenga ili watu wake warudishiwe ardhi ndicho kilichowafungia mlango wa ardhi.

Bi. Msimu ndiye aliyemwandikia.

"Mwanangu, ulitujengea kwa nia njema. Sasa bomoa."

"Mama, nibomoe?"

"Bomoa. Tukiwa na nyumba humo, huku nje hatuna kitu. Kama mkono unakutetemeka niambie, nikamwite yule wa mwanzo. Yeye haukumtetemeka."

Akabomoa. Alianza na nyumba yao wenyewe, alimozaliwa, akaendelea mlango kwa mlango mpaka mferejini. Kila alipofuta aliweka nyasi, ndefu, za kijani, sawasawa na ramani ya Wizara. Ikabaki kazi ya nakala, kwa sababu kila kibaraza kilikuwa na yake. Hapo akazunguka kupiga hodi kwa mmoja mmoja, hata kwa waliomtukana, akiwaomba wafute. Wakafuta wote. Katika nchi ile yenye amri elfu, hilo ndilo ombi pekee nililosikia likitiiwa na kila mtu, na aliyeomba hakuwa na cheo chochote.

Waziri hakujua. Alikuwa amekwisha kualika wafadhili, kioo kikubwa kimesimamishwa Uwanja wa Shukrani, na wananchi wameletwa kwa malori waje washukuru. Hamduni akaitwa jukwaani na kaseti yake. Akaipachika, akarudi nyuma, akafumbata mikono.

Kijana wa maziwa akatokea juu ya kioo, akanyonga baiskeli. Nyasi. Akanyonga zaidi, nyasi. Chupa ya maziwa ikaruka, ikaanguka nyasini. Mfadhili mmoja akainama na kuuliza kwa adabu kama hiyo ni mbuga ya wanyama.

Waziri Mabruki akanyakua kipaza sauti. "Nyumba za watu ziko wapi?" akanguruma. "Palikuwa na nyumba hapa! Palikuwa na watu! Mtu gani amewabomolea wananchi wangu?"

Alikuwa amesimama palepale, hatua chache kutoka kilipokuwa choo cha kina Kitojo. Kisha watu wa nyuma, kwa mazoea, wakapiga makofi.

Hamduni akashitakiwa kwa kubomoa makazi ya wananchi bila notisi, bila huruma na bila tingatinga. Mahakama ilijaa. Waziri mwenyewe alikuja kutoa ushahidi kama mtaalamu wa fani. "Mheshimiwa Jaji," alisema, na leso aliigusisha jichoni, "nimekuwa kwenye shughuli hizi muda mrefu. Kuwatoa watu majumbani mwao namna ile, kwa ghafla, kunahitaji moyo wa jiwe. Mimi nisingeweza." Karani akaandika kwamba asingeweza.

Kisha akaitwa Bi. Msimu. Alipanda kizimbani na kanga iliyofifia, akashika mbao kwa mikono miwili.

"Mama," akasema Jaji Kasanda, mzee mzito aliyekuwa akisinzia kwa heshima, "mshitakiwa huyu alikubomolea nyumba au hakukubomolea?"

"Mheshimiwa, nikuulize kwanza. Nikisema ndiyo, itakuwaje?"

"Utakuwa umebomolewa na mtu. Sheria itakupa kiwanja, wewe na wenzako. Naye atafungwa."

"Na nikisema hapana?"

"Basi nyumba yako ipo ilipo, na yeye aende zake."

Bi. Msimu akamtazama Hamduni. Alikuwa amekonda, shati limempwaya. Ni yeye aliyemwambia bomoa, na alitamani kulisema hilo mbele ya Jaji.

"Mama," Hamduni akasema taratibu, "usinionee huruma. Wazee wenzako wamekaa pale nyuma wanakusubiri."

"Mshitakiwa anyamaze."

Yule mama akageuka kuwatazama wazee wa nyuma. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Ndiyo," akasema. "Amenibomolea."

Hukumu ilisomwa kwa saa nyingi, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Ilisema Mtaa wa Pakacha ulikuwapo. Ilisema ulikuwa na nyumba, watoto, mfereji, na makaburi. Ilisema watu wake walitendewa unyama ambao taifa halitausahau. Kila walichokililia Wapakacha kwa miaka kikaandikwa humo kwa wino wa serikali na kupigwa muhuri. Na aliyewatendea hayo yote, mahakama ikaona pasipo shaka, ni Hamduni Kitojo. Akapewa miaka tisa na kazi ngumu.

Viwanja vikatolewa, na hapo siisingizii serikali, vilitolewa kweli. Vilikuwa nje ya mji, nyuma ya gereza, mahali pa mawe matupu. Kwa kuwa Wizara inawajali wahanga, ikaagiza wafungwa wakawachimbie misingi.

Hamduni alipangiwa sururu. Aliletwa na wenzake asubuhi, mguuni pingu, wakaonyeshwa kipande cha ardhi kilichozungushiwa kamba. Bi. Msimu alikuwa amekaa juu ya jiwe, pembeni yake kifurushi cha nguo na ndoo. Ameshahama kwa mkwe. Mfungwa na mhanga wake hawaruhusiwi kusemezana, basi hawakusemezana. Yeye alichimba, na mama alitazama sururu ikipanda na kushuka.

Kufikia adhuhuri akaja mkaguzi kutoka Wizarani, na suti, na viatu vinavyoteleza kwenye mawe. Wizara ilikuwa imeanza kujuta kutoa ardhi, na ilikuwa inatafuta njia ya kuirudisha. Akamsimamisha Hamduni.

"Wewe mfungwa. Tumeambiwa wewe na huyu mama mlikuwa mnaongea kila siku huko kwenye vibaraza vyenu. Anakuita mwanangu, unamwita mama. Sasa kama ni mtu wako, hukumbomolea, mlikula njama. Ukisema kweli naweza kukuombea upunguziwe kifungo, hata uachiwe. Kiwanja tu ndicho kitarudi serikalini. Haya, huyu mama ni nani kwako?"

Askari wakaacha kupiga soga. Juu ya jiwe, Bi. Msimu alikuwa ameinuka nusu, mkono kwenye ndoo.

Hamduni alijipangusa jasho kwa kiwiko, akamtazama yule mama kama mtu anayetazama mpita njia.

"Simfahamu," akasema. "Nilimbomolea tu."

Akainama, akaendelea kuchimba msingi.